Shamba Lililofagiwa

Naanza kwa kusema kwamba sikumpiga mtu. Hapa Mpui wanasimulia kuwa nilimkimbiza wifi yangu Kalista na ndoo mpaka barabarani. Si kweli. Nilimfuata kwa mwendo wa kawaida, na ndoo niliishika kwa sababu ndani yake kulikuwa na viwavi niliokuwa nawahitaji.

Mimi ni Winifrida, mama yake Faith, mke wa Adolfu. Tuna ekari moja ya mahindi juu kidogo ya Mpui, na ulezi kidogo kule kwenye matuta. Ulezi ni wa pombe na uji. Mahindi ndiyo ugali wetu wa mwaka mzima, yakifa hatuna pengine. Sasa mwaka huu yalipofika magotini wakaingia viwavijeshi. Kama hujawahi kumwona huyo mdudu, shukuru Mungu wako. Mchana anajificha katikati ya shina, kule majani machanga yanakochomoza, anakula amejifungia kama mtu mwenye deni, na kinyesi chake anakiacha mlangoni kama unga wa msumeno. Ukiamka asubuhi majani yote matundu matundu.

Ndipo akaletwa Herieth, bibi shamba mpya, binti mdogo tu, mabuti ya njano, daftari kwapani. Akatuita mkutano kitongojini akatueleza. Dawa ya mradi na wapulizaji vinatosha vitongoji vitatu, na sisi tuko vitongoji tisa. Kwa hiyo wanaohitaji zaidi ndio watakaoanza, na atawajua kwa kuhesabu.

"Shamba moja kwa kila kitongoji, kwa bahati nasibu," alisema. "Naingia, natembea kama naandika herufi W, nasimama mara tano. Kila nikisimama nakagua mashina ishirini. Jumla mashina mia. Yenye kiwavi, au yaliyoliwa juzi juzi, yakifika ishirini, Alhamisi wapulizaji wako hapa. Yasipofika, tunahesabu tena baada ya wiki mbili."

Mzee Kasimiri akanyoosha mkono. "Mwanangu, si utuamini tu kwamba wako wengi?"

"Nawaamini, babu. Lakini wengi si namba, na ofisini wanataka namba."

Wiki mbili. Kwa wiki mbili viwavi wale wangemaliza mahindi na kuanza kutafuna milango. Tukaandika majina, tukayatia kwenye kofia ya Adolfu, Herieth akachomoa karatasi moja, akasoma jina langu.

Jamani, nilipiga vigelegele. Usinicheke. Shamba langu lilikuwa ndilo lililoharibika kuliko yote kitongojini. Nilikuwa nimeshahesabu mwenyewe: mashina sitini na matatu kati ya mia. Watu wakanipa mikono. "Hongera Mama Faith, kwako wapo wa kutosha." Mama mmoja ambaye shamba lake lilikuwa na viwavi wanane tu alikaa nyuma, hakuna aliyempa mkono. Nilirudi nyumbani natembea kifua mbele, mwanamke mwenye viwavi wake.

Siku ya kuhesabu ikapangwa Jumatano, saa nne asubuhi. Jumatatu usiku simu ikaja kwamba Faith amejifungua Sumbawanga. Mjukuu wa kwanza, ningeachaje? Jumanne alfajiri nikapanda gari, ila kabla sijaondoka nikapita kwa Kalista, dada yake Adolfu, nikamwambia, "Wifi, kesho bibi shamba anakuja kuangalia shamba langu. Nitawahi kurudi, lakini nikichelewa mpokee."

"Nenda kwa amani," alisema. "Mgeni wako ni wetu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Kalista ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, na jumuiya yetu ina desturi. Ukipata mgeni nawe haupo, wanajumuiya hawasubiri kuombwa. Wanakuja, wanafagia uwanja, wanasiriba kuta, wanateka maji, ili mwenzao asiaibike. Ni desturi nzuri, siikatai. Lakini Kalista hajui kikomo chake. Padre alipokwenda kwa Mama Scola, na Mama Scola yuko kliniki, Kalista alipaka chokaa mpaka banda la nguruwe. Nguruwe alitoka kumsalimia padre akiwa na mgongo mweupe.

Jumatano saa mbili na nusu bodaboda ikanishusha kwenye kona. Nikatazama shamba langu. Nikamwuliza dereva kama ameniteremsha pale nilipomwambia. Akasema ndiyo.

Shamba lilikuwa limefagiwa. Mvua ilikuwa imepumzika siku tatu, na katikati ya mistari ya mahindi, mwanzo mpaka mwisho, kulikuwa na alama za ufagio, za kwenda kulia na kushoto, kama uwanja wa arusi. Majani yalikuwa yamefutwa kwa kitambaa na maji, yanang'aa. Yale yenye matundu yalikuwa yamekatwa na mkasi, ncha zikaviringwa vizuri. Mahindi yangu yalikuwa yamenyolewa. Penye mwanya wa kuingilia kulikuwa na kiti, na juu ya kiti kitambaa cha kufuma, kile changu cha sebuleni.

Wanawake kumi na mmoja walikuwa wamesimama mstarini, kanga zimeloa umande, wamechoka, wamefurahi. Mbele yao Kalista na ufagio wake.

"Karibu wifi," alisema. "Mjukuu hajambo?"

"Hajambo. Kalista, viwavi wangu wako wapi?"

"Wala usiwe na wasiwasi. Tulianza jana saa tisa mpaka giza likatufukuza, na leo tumeanza kabla ya jua. Shina kwa shina, mstari kwa mstari. Palipokuwa na uchafu wao tumepaosha."

"Kalista. Mgeni anakuja kuangalia viwavi."

"Najua," alisema. "Sasa ulitaka awakute?"

Maneno niliyosema baada ya hapo nimeshayapeleka kwa padre nikaungama, kwa hiyo siyarudii. Nilipomaliza niliwaeleza tena habari ya mashina mia na ishirini, polepole, kama mtu anayemwelekeza mtoto njia. Wote walikuwepo mkutanoni. Wote waliisikia. Lakini ukimwambia mwanamke wa jumuiya yetu kwamba mgeni anakuja, mengine yote yanamtoka kichwani, anaona ufagio tu.

Nikamgeukia Adolfu, aliyekuwa ameegemea jembe lake mbali kidogo. "Na wewe ulikuwa unatazama?"

"Niliwakuta wanafanya usafi," alisema. "Mwanamume ataingiliaje usafi?"

Huyo ndiye mume wangu. Miaka thelathini.

"Basi tuwarudishe," alisema Kalista, na sauti yake sasa ilikuwa imepungua. "Hatukuwaua wote. Tuna ndoo mbili."

Ndoo ya kwanza ilikuwa tupu. Mama Scola alikuwa amewapa bata wake, na bata, alisema, walishukuru sana. Ndoo ya pili ilikuwa imefunikwa tangu jana jioni. Kalista aliapa kwamba waliingia humo kama mia tatu, yeye mwenyewe aliwatia. Tukafunua. Kulikuwa na viwavi tisa. Tisa wanene, kila mmoja kama kidole changu cha mwisho, wamelala wameshiba.

"Wengine wametoka?" aliuliza Mama Scola.

"Watatokaje na kifuniko kimekazwa," nilisema. "Wamekulana."

Kalista akafanya ishara ya msalaba. "Ndugu kwa ndugu," alisema.

Ilikuwa saa tatu. Tisa si ishirini. Hata darasa la kwanza niliijua hesabu hiyo. Nikaichukua ndoo, nikashuka mbio mpaka kwa Enock.

Enock ni jirani yetu wa bondeni, Msukuma, alihamia na ng'ombe wake miaka kumi iliyopita, na siku hizi analima kutuzidi. Shamba lake lilikuwa na viwavi wengi tu. Nilimkuta anakamua.

"Enock, iache kwanza hiyo kazi. Nimekuja kuazima viwavi."

Aliacha kukamua akanitazama. Ng'ombe naye akanitazama.

"Mama Faith, nilipokuwa nahamia huku ndugu zangu walinionya. Walisema Sumbawanga watu wanatumiana radi. Hawakuniambia kwamba mnaazimana na viwavi."

"Acha maneno yako. Nataka arobaini, na mtaalamu yuko njiani. Tusipofikisha hesabu hata wewe hupati dawa."

"Utawarudisha lini?"

"Enock."

"Nauliza tu. Maana mtu akiazima jogoo, anarudisha na kifaranga." Lakini alikuwa ameshasimama. Mkewe na watoto wakaingia shambani, wakanijazia viwavi arobaini na kidogo kwa dakika chache, na Enock akaniwekea majani ya kutosha ndani ya ndoo, wasije wakalana kwa njaa. Nilipokuwa naondoka aliniita. "Mama Faith, yule mwenye mstari mgongoni ni wa mke wangu, mtunze."

Nilipofika juu, Adolfu alikuwa amechora W kwenye vumbi kwa mpini wa jembe. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa na la maana. "Ataanzia hapa penye kiti," alisema. "Mtu yeyote angeanzia hapa. Halafu atashuka hivi, apande, ashuke, apande." Tukapanda viwavi kwa kufuata mstari wake, mimi mbele, Adolfu nyuma.

Sasa kiwavi huyu, ukimwambia ale, anakula. Ukimwambia akae, hakai. Mchana ule na jua lile, mashina yamekatwa majani, hana pa kujificha, wengine walibaki wamekaa juu ya jani kama abiria waliokosa gari, wengine wakajiangusha chini. Nikageuka nyuma. Kalista alikuwa anatufuata. Kila kiwavi aliyeanguka kwenye ardhi yake iliyofagiwa, anamwokota, anampeleka barabarani anamkanyaga. Hata hakuwa anafikiri. Mkono tu ulikuwa unakwenda wenyewe.

Hapo ndipo nilipomfuata. Kwa mwendo wa kawaida, narudia.

Tulikuwa bado barabarani, mimi na yeye, pikipiki ya Herieth ilipotokea. Haikutokea upande wa kiti. Ilitokea bondeni, njia ya kwa Enock. Akaegesha chini kule, akavaa mabuti yake ya njano, akaingia shambani kwa kona ya chini, kona ambayo hatukuweka hata kiwavi mmoja.

"Shikamoo mama," alisema aliponiona nakuja nahema.

"Marahaba mwanangu. Hutaki kuanzia huku juu? Kuna kiti."

"Nitafika, mama."

Akatembea. Akasimama, akahesabu mashina ishirini, akaandika. Akatembea tena. Sisi watu kumi na kitu tukamfuata kwa nyuma kama maandamano ya Jumapili ya Matawi, tunaomba moyoni. Kituo cha kwanza hakupata kitu. Cha pili, mmoja. Cha tatu akachuchumaa, akashika jani kwa vidole viwili.

"Mama, haya mahindi yameoshwa?"

Cha nne alimkuta kiwavi amejinyoosha juu ya jani, mchana kweupe. Akamtazama sana. "Huyu anaota jua," alisema. "Sijawahi kumwona anayeota jua." Cha tano akafika penye kiti, akatazama kitambaa, akatazama alama za ufagio zilizotangulia mbele yake mpaka mwisho wa shamba, akaketi. Akajumlisha.

"Sita," alisema. "Kati ya mia."

Wanawake wote kumi na mmoja walitazama miguu yao. Mzee Kasimiri, ambaye alikuwa amekuja kuona, alivua kofia kama yuko msibani, na msiba ulikuwa wake, maana mahindi yake yalikuwa yanaliwa wakati ule ule. Kalista alikuwa ameshika ufagio kwa mikono miwili. Nilikuwa bado nina hasira naye. Lakini niliona kwamba nikinyamaza, kitongoji kizima kinakosa dawa, na nikisema, itajulikana mpaka ofisini kwamba sisi ni watu tunaofagia viwavi kwa ajili ya wageni.

Nikasema. Nikasema yote, bata, ndoo, kulana, Enock. Herieth alisikiliza vizuri, ila penye bata aliinama kidogo kwenye daftari, mabega yakamcheza.

"Mama, kuna njia," alisema alipoinuka. "Shamba likiguswa kabla ya kuhesabiwa, mwenye shamba anaweza kusaini litolewe, na kitongoji kikachagua jingine leo hii hii. Lakini sikufichi. Likitolewa kwenye hesabu, linatolewa na kwenye kupulizwa. Dawa inapimwa kwa mashamba yaliyobaki."

"Si lina viwavi sita tu?" alisema Adolfu.

"Leo sita, baba. Vipepeo wao wanaruka usiku, wanataga. Wiki ijayo watakuwa wengine."

Nikatazama ekari yangu iliyonyolewa. Huo ulikuwa ugali wa nyumba yangu, wa Adolfu, wa Faith na mtoto wake watakapokuja kupumzika kwangu. Niliogopa, sitadanganya. Halafu nikaona jinsi Mzee Kasimiri alivyokuwa anaigeuza geuza kofia yake, nikachukua kalamu nikasaini, haraka, kabla sijajirudi.

Kofia ya Mzee Kasimiri ndiyo iliyotumika. Likatoka jina la Enock. Tukashuka wote, Herieth akaandika W yake upya, akapata hamsini na nane. "Na hao ni baada ya kukopesha," alisema Enock.

Alhamisi wapulizaji wakaja. Nilikaa juu ya kile kiti nikawatazama wakipita na mabomba mgongoni, shamba la huku, shamba la kule, wakifika kwenye mpaka wangu wanazunguka. Nilimchukia kila mtu siku ile. Kalista nilimpita barabarani bila salamu, Alhamisi na Ijumaa, na kanisani Jumapili nilikaa upande wa wanaume ili nisikae naye.

Jumapili ile ile jioni nikasikia ndoo zinagongana nje. Nikatoka. Wanawake walikuwa shambani kwangu, kumi na mmoja, hawakubisha hodi. Kalista alikuwa mstari wa kwanza, ameinama, anafunua kila shina, anageuza kila jani. Mayai yao yanakaa chini ya jani, yamefunikwa manyoya kama ukungu, na yeye alikuwa anayaponda kwa kidole gumba, moja moja, huku ananung'unika rozari. Nikachukua ndoo nikaingia mstari wa pili.

Hatukuongea siku hiyo. Walirudi Jumanne. Walirudi Alhamisi. Siku yenye mvua walirudi na magunia kichwani. Mikono ikawa myeusi, viuno vikauma, Mama Scola akawa anakuja na bata wake wawili amewafunga kamba. Siku ya nne au ya tano hivi Kalista aliniuliza mjukuu ameitwaje, nikamwambia Rahel, akasema ni jina zuri, tukaendelea.

Baada ya wiki mbili Herieth alikuja kupima kama dawa imefanya kazi. Akapita mashamba kadhaa. Kwa Mzee Kasimiri akapata kumi na tano kati ya mia, kwa Enock kumi na tatu, akasema ni vizuri, dawa imeshika. Kisha akapanda kwangu, kwa hisani tu, maana sikuwa kwenye orodha. Tulimkuta Kalista yuko shambani peke yake, ametangulia wenzake. Herieth akaandika W yake, vituo vitano, mashina mia. Akarudia kituo cha tatu. Akarudia cha tano.

"Watatu," alisema.

"Umehesabu vizuri?"

"Mara mbili, mama." Akafungua karatasi nyingine, akaitandika juu ya goti. "Nataka niwaonyeshe ofisini. Ila hapa kuna nafasi ya kujaza dawa iliyotumika, na siwezi kuiacha wazi. Niandike nini?"

Nikamtazama wifi yangu. Alikuwa mistari miwili mbele yetu, ametupa mgongo, kanga imemkaza kiunoni, na najua alikuwa anasikia, maana mkono wake ulikuwa umesimama juu ya jani.

"Andika Kalista," nilisema.

"Kalista?"

"Kalista. Na kipimo andika, kila baada ya siku mbili."

Herieth akaandika. Kalista hakugeuka. Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akaenda shina linalofuata.